Bili Imepungua, Amani Imeondoka

Mwananchi wa Ekerenyo akilipishwa shilingi hamsini zaidi ya haki yake, habari hufika Ikonge kabla yeye hajafika nyumbani. Akilipishwa hamsini pungufu, anageuka mtu wa maneno machache. Anakunja risiti, anaitia mfukoni, anauliza kama mvua itanyesha. Sijaja hapa kumhukumu. Nimekuja kulalamika kwamba mimi nilinyimwa hata hiyo nafasi ya kunyamaza, tena na watu ninaowalisha.

Chanzo ni bili ya maji. Najua msomaji wa Wajir atashangaa kusikia mtu wa Nyamira ananunua maji, maana huku mbingu hufunguka karibu kila alasiri, na siku nyingine hata alasiri haingojewi. Lakini nilichoka kugombana na watoto kuhusu nani ataenda chemchemini, nikavuta bomba. Tangu nivute bomba nina mita, na tangu niwe na mita sina raha.

Bili siku hizi huja kwa simu. Ya mwezi huo ilisema nyumba yangu imetumia yuniti moja. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ile ya lita 20. Sasa, mimi nina ng'ombe wa gredi anayekamuliwa, na ng'ombe wa namna hiyo hunywa mitungi miwili au mitatu kwa siku bila kumwomba mtu radhi. Piga hesabu mwenyewe. Ng'ombe peke yake anaimaliza yuniti kabla mwezi haujaisha, na hapo hakuna binadamu aliyenawa uso. Hakuna aliyepika, hakuna aliyefua, na yule binti yangu wa sekondari anayekaa bafuni hadi sabuni inaisha bado hajazaliwa.

Nikausoma ujumbe. Nikausoma tena polepole, kwa heshima. Nikazima simu.

Kwa hesabu zangu hilo halikuwa kosa. Ilikuwa fidia. Miaka yote hii msoma mita amekuwa akimwogopa mbwa wangu, mbwa ambaye hata kuku wanamdharau. Hufika langoni, hutazama paa la nyumba, hutazama kama kuna gari uani, kisha anaandika alichojaliwa kuota. Wenyewe wanayaita makadirio. Makadirio hayajawahi kunikadiria maskini.

Wala si maji tu. Mimi ni mkulima wa majani chai, na kwa umri wangu wote wa kupanga foleni pale kituoni na gunia mgongoni sijasikia mizani imepotoka kwa kumpendelea mkulima. Karani anapima, anaondoa uzito wa gunia, anaondoa maji ya mvua, na akiamka vibaya anaondoa na kilo ya salamu. Oktoba bonasi ikitoka, redio inatutangazia wenzetu wa mashariki ya Bonde la Ufa wamepata ngapi kwa kilo, na sisi wa magharibi tunazima redio. Sokoni vivyo hivyo. Iko gorogoro ya mahindi ninayoijua kwa sura, kitako chake kimegongwa hadi kikaingia tumboni. Mwenyewe anaapa ilianguka. Nimezunguka masoko ya hapa hadi Miruka nikitafuta gorogoro iliyoanguka ikatokeza nje, sijaiona.

Kwa hiyo mtu aliyepunjwa Jumapili hadi Ijumaa, akapumzishwa Sabato, kisha akaletewa bili ya yuniti moja, huyo si mwizi. Ni mdai aliyelipwa kwa kuchelewa.

Hoja hiyo ilisimama imara hadi chakula cha jioni. Mama watoto ni mweka hazina wa chama cha akina mama, na mwanamke akishashika daftari la chama hana tena utani na tarakimu. Alikuwa amewasha simu yangu ili alipe.

"Baba watoto, hii bili umeiona?"

"Nimeiona."

"Na ukasema nini?"

"Nikamshukuru Mungu."

"Kumbe Mungu ndiye anayesoma mita?"

Ningeweza kumaliza jambo hilo hapo kwa kukohoa, lakini mpwa wangu anayesomea sheria chuo kikuu alikuwa amekuja kutusalimia, na kijana wa sheria mwaka wa tatu hawezi kuona jambo likilala bila kuliamsha. Akaanza na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandaoni ya mwaka 2018. Kifungu cha 35, alisema huku amenyoosha tonge, kinamhusu mtu anayeficha au kuzuilia ujumbe au malipo ya kielektroniki yaliyomfikia kimakosa. Faini isiyozidi shilingi 200,000, au jela isiyozidi miaka 2, au vyote viwili. Nikamwambia mboga yake ya chinsaga inapoa.

Halafu nikamweleza kwamba kifungu hicho ni cha mambo ya pesa za simu, na pesa za simu sisi wa mashinani tunazijua kuliko profesa wake. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, nani mtu mzima hapa ambaye hajawahi kupokea pesa isiyo yake, au kumtumia yake mtu asiyemjua? Tarakimu moja inateleza, karo ya mtoto inashukia Garissa. Safaricom waliweka mpango wa kukuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa haijaenda mbali, lakini jina hilo nani atalisoma naye anatuma akiwa amebanwa ndani ya Probox, mkono mmoja uko dirishani na mwingine umeshika jogoo wa mwenzake?

Tatizo ni kwamba waongo walitutangulia. Ule ujumbe wa kwamba nimekutumia kimakosa, tafadhali nirudishie, matapeli wameutuma mpaka umechakaa, na mingi ilisemekana kutoka ndani ya gereza la Kamiti. Matokeo yake mwenye shida ya kweli akikupigia simu, unamtukana kwanza ndipo unatazama salio. Hata uaminifu una utaratibu wake siku hizi: hurudishi kwa mkono wako. Unamwambia aliyekosea apeleke ujumbe wake kwa 456, kampuni ishughulike, wewe usiiguse ile pesa. Ukijifanya mwema sana ukaituma mwenyewe, unaweza kukuta naye ameomba irudishwe huko, ukawa umeilipa mara mbili.

Na hapo sijataja Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa uliotufikia 2019. Kijana mmoja wa bodaboda hapa stejini alikuwa na deni la Fuliza, akaingiziwa shilingi elfu tatu na mama asiyemjua. Ukiwa na deni hilo, chochote kinachoingia kinakatwa papo hapo. Mama akapiga simu analia, pesa ni ya dawa. Kijana akamwambia ukweli mtupu: "Mama, hiyo pesa hata mimi niliisoma tu." Sasa mwizi ni nani? Kijana hakushika hata sarafu. Deni lake limekwisha. Mama hana dawa. Wanasteji walilikalia jambo hilo mchana kutwa, abiria wakaenda kwa miguu. Mwishowe kijana alilipa kidogo kidogo, na si kwamba malaika alimtokea. Wenzake walimwambia mtu aliyelipiwa deni na mgonjwa hatapanga foleni pamoja nao.

Mpwa akakubali kwamba kifungu chake hakinihusu. Bili haikunifikia kimakosa, alisema, ilinifikia mimi mwenyewe, ila imesema uongo. Nikadhani nimeshinda. Lakini mwanasheria ukimfungia mlango hupitia dirishani. Maji nimeyatumia, akasema, makubaliano yapo, na deni la makubaliano linaweza kufuatwa kortini hadi miaka 6. Miaka 6! Kwa umri wangu huo ni muda wa kubadilisha meno. Akanikumbusha mapema 2018, wakili Apollo Mboya alipoipeleka Kenya Power kortini juu ya bili za nyuma zilizofika mabilioni ya shilingi, bili za umeme ambao wateja waliambiwa waliutumia zamani na hawakutozwa wote. Nchi nzima ilikasirika. Mimi nilikasirika mpaka nikasimama kwenye kikao cha chifu bila kuitwa.

"Sasa mjomba," akaniuliza kwa upole, "kama kweli wapo waliotumia bila kutozwa, wakati ule walimwambia nani?"

Mtoto wa dada yako akikuuliza swali la namna hiyo mezani kwako, ujue karo uliyochangia imefanya kazi.

Binti naye akaona asiachwe nyuma, akatoa habari za Ethiopia. Machi 2024, mtambo wa Benki ya Biashara ya Ethiopia uliharibika usiku mmoja, watu wakagundua unaweza kutoa pesa kuliko zilizomo kwenye akaunti. Wengi walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu, na kwenye mashine za kutolea pesa foleni zilipangwa usiku wa manane na watu ambao asubuhi huwa hawaamki kwenda darasani. Benki ikatangaza kwamba atakayerudisha kwa hiari hatashtakiwa. Walio wengi walirudisha. Waliokaidi, benki ilibandika majina na picha zao hadharani. Binti alisimulia hayo kama uvumbuzi. Huku kwetu mbinu hiyo ni ya zamani. Ingia duka lolote la hapa Ekerenyo uone karatasi ya wadeni ilivyobandikwa juu ya unga. Mama watoto aliinua macho akatazama ukuta wa sebule, pale karibu na kalenda, nami nikajua anachokipima.

Nikajitetea kwa utaratibu wangu, ambao nauona ni wa haki. Mama mboga akinirudishia chenji iliyozidi shilingi kumi, nageuka hata kama nimeshafika kwangu, maana shilingi kumi kwa mama mboga ni kitunguu. Mwenye duka namrudishia nikimkuta hana wateja. Mwenye nyama sina haja ya kufikiri, hajawahi kukosea upande huo. Lakini kampuni? Kampuni haina mtoto anayelia. Kampuni haina mguu unaovimba. Kampuni ikikosa yuniti zangu hailali njaa.

"Nani anakatwa?" mama watoto akauliza.

"Nani anakatwa nini?"

"Kampuni ikipungukiwa, nani anakatwa?"

Alijua anaponipeleka. Binti wa jirani yetu ni keshia wa supamaketi kule mjini Kisii. Jioni wanahesabu droo, na ikipungua wanasema amepata shoti. Shoti hailipwi na tajiri. Inatoka kwenye mshahara wa yule binti, ule mshahara ambao hata bila shoti unafika tarehe kumi ukiwa mahututi. Wahudumu wa petroli nao wanalijua neno hilo vizuri. Mpwa, ambaye nilishakata tamaa ya kumnyamazisha kwa chakula, akasema hata Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi aliyekabidhiwa pesa. Uzembe, nikasema. Keshia aliyesimama tangu asubuhi, watu wamepanga foleni, mtoto wa mteja anavuta peremende, mashine inalia, akitoa noti ya mia tano badala ya mia mbili, huo ni uzembe? Mpwa akasema hilo ni swali la ushahidi. Mimi nikaona wazi kwamba yule mteja aliyeondoka na noti yake akijiambia ameikomesha supamaketi, alimkomesha binti wa jirani yangu.

Nachukia sana mambo yakiwekwa hivyo. Mtu alikuwa na raha yake, anagombana na kampuni, mara unamletea msichana mwenye viatu vilivyolika kisigino.

Sabato iliyofuata nilimwendea mzee wa kanisa kwa njia ya kuzunguka. Nikamuuliza: mtu akipunguziwa deni bila kuomba, lile lililopungua alitolee zaka? Maana nilifikiri kama nikilitolea zaka litakuwa limetakasika. Mzee akafikiri sana, akasema zaka hutolewa kwenye maongeo. Kisha akanitazama.

"Ni wewe?"

Nikasema ni mtu wa Manga.

Basi Jumatatu nikapanda Probox kwenda Nyamira mjini. Sitaeleza tulikuwa wangapi ndani, polisi wa trafiki wasije wakasoma. Ninachotaka kijulikane ni kwamba nauli nilitoa mimi, kwenda na kurudi, ili nikadaiwe. Mwenye kulalamika anaweza kupiga simu ya bure, lakini mwenye kusema amependelewa itambidi aende mwenyewe, maana kwenye simu ukisema bili yako ni ndogo wanadhani umelewa.

Ofisini kuna dirisha la kulipa, dirisha la kuomba bomba, na dirisha la malalamiko. La mtu aliyependelewa halipo. Nikaenda la malalamiko.

"Tata, una malalamiko gani?" karani akaniuliza. Mtoto mwenye adabu.

"Sina malalamiko."

"Basi dirisha si hili."

"Bili yangu ni ndogo."

"Umeshindwa kuilipa?"

"Hapana, mama. Ni ndogo mno."

Akamwita mwenzake aje asikie. Mwenzake akamwita mwingine. Nikarudia maneno yangu mbele ya wafanyakazi watatu, na mama mmoja aliyekuwa kwenye dirisha la kulipa akasogeza mkoba wake mbali nami, maana mtu mwenye tabia kama hiyo huwezi kujua atafanya nini baadaye.

Karani akafungua kompyuta, akatazama, akacheka.

"Tata, kumbe ulikuwa unahangaika bure. Mita haisahau."

Akanieleza. Mita haianzi upya kila mwezi, tarakimu zake zinapanda tu. Aliyeisoma akiandika pungufu mwezi huu, mwezi ujao akija mwingine akaisoma sawasawa, zile zote zilizobaki nyuma zinaingia kwenye bili kwa pamoja. Hata makadirio yakizidi, akasema, mita ikisomwa kweli yanajirekebisha. Nikamwambia hilo sijamuuliza. Kwa hiyo usiku wote ule wa kifungu cha 35 na Ethiopia na viatu vya binti wa jirani, hakuna mtu aliyekuwa amenipa kitu. Nilikuwa nimekopeshwa maji yangu mwenyewe.

Nilikuwa nimeshageuka nirudi stejini, moyo mwepesi, nimeamua mita imalizane na wenyewe, ndipo akaongeza, kwa wema tu: "Ila mwezi ujao jiandae. Itapanda ngazi."

Ngazi gani?

Bei ya maji, kumbe, ina ngazi, na viwango vyake hupitishwa na WASREB, ile bodi inayosimamia huduma za maji. Yuniti za kwanza huuzwa rahisi ili mnyonge asikose maji ya kunywa. Ukizidi hapo, kila yuniti ya juu ina bei ya juu. Mimi, nikitumia maji yangu kawaida, nakaa ngazi za chini pamoja na wanyonge wenzangu. Lakini maji ya miezi miwili yakimwagwa kwenye bili moja, nitapandishwa hadi kule wanakokaa wenye hoteli.

Hapo ndipo sauti yangu iliporudi. Nikamwambia karani siondoki. Nikamwambia mimi ni mtu mwaminifu niliyefunga safari kutoka Ekerenyo kuja kusema ukweli, na ukweli huo lazima uandikwe leo, mwezi huu, kabla jua halijatua. Nikataja Kifungu cha 46 cha Katiba, haki za watumiaji, ambacho mpwa alikuwa amekitaja na mimi nikajifanya sisikii. Nikagonga kaunta. Nadhani katika historia ya ofisi ile hajatokea mzee aliyedai kuongezewa bili kwa ukali namna ile. Mtu alitumwa kwa pikipiki nyuma yangu, akaisoma mita akiwa amesimama mbele yake kabisa, mbwa amelala miguuni mwake, na bili mpya ikaingia kwenye simu. Ilikuwa ya kawaida, ya wanyonge. Nilimwomba karani asimwandikie msoma mita barua ya onyo. Nikasema kosa ni la mbwa.

Sasa Ekerenyo habari njema nazo zina miguu, ila huwa hazina haraka. Yule mama wa mkoba ni wa kanisa letu, la upande wa pili wa mto. Alichokiona ni mzee anagonga meza akilia aongezewe deni, na ndivyo alivyosimulia. Kabla wiki haijaisha nilisalimiwa na watu ambao tulikuwa tumegombana juu ya mpaka wa shamba. Mwenye duka akaniuzia sukari kwa mkopo bila kutazama karatasi. Mzee wa kanisa akaja nyumbani na Biblia kwapani, akasema kizazi hiki kimekosa watu wa namna yangu, na Sabato ijayo nitoe ushuhuda mbele ya vijana. Hakuulizia tena yule mtu wa Manga. Mama watoto akachinja kuku.

Tulipokaa kula, mpwa wangu aliyekuwa amekuja tena, maana anajua nyumba zinazochinja, akaniuliza taratibu kama kule ofisini walinieleza chochote kuhusu ngazi za bei.

Nikamwongezea paja.